Kibaha au Kisarawe? Hesabu ya Kuchagua Mahali pa Kuishi

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, katika nyumba nyingi za Mkoa wa Pwani huzuka mjadala usioandikwa katika kumbukumbu yoyote. Kijana amemaliza shule. Je, abaki Kisarawe, kwenye shamba la ukoo lenye mihogo na mikorosho, au ahamie Kibaha, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ambako viwanda vinajengwa na vyumba vya kupanga havitoshi? Mama ana lake, bibi ana lake, na mjomba, ambaye kwa desturi ya Wazaramo ana sauti kubwa kwa kuwa ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, huuliza swali moja tu: "Mpwa wangu, huko uendako ukiugua utamwita nani?" Naye kijana, akiwa na adabu zake zote, hujibu kwa swali vilevile: "Mjomba, na hapa nikiwa mzima nitafanya kazi gani?"

Ukiwasikiliza wawili hao utaona kwamba hawabishani juu ya jambo moja. Kijana anapima kipato. Mjomba anapima kinga ya siku mbaya. Kila mmoja anayo hoja, na kwa miaka zaidi ya 50 wataalamu wa uchumi na elimu ya jamii wamekuwa wakijaribu kuziweka hoja hizo mbili katika mizani moja. Makala haya yataeleza walivyofanya, kwa kutumia hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata, na kwa mifano ya utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, mmojawapo ukiwa katika vijiji vya Kibaha yenyewe.

Miji miwili iliyo karibu

Mji wa Kibaha uko kilomita 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam. Mji wa Kisarawe uko kusini-magharibi ya jiji hilo, juu ya vilima vya Pugu, pembeni ya msitu wa Kazimzumbwi. Kama ndege arukavyo, kutoka mji mmoja hadi mwingine hazizidi kilomita 30, na wilaya hizo zinapakana. Hata hivyo historia imezipa sura mbalimbali.

Kibaha ya leo ilianzia kwenye huduma kabla ya viwanda. Mwaka 1963 ulianzishwa hapo mradi wa pamoja baina ya Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya, zikiwamo Sweden, Denmark, Norway na Finland. Ulikusudiwa kupambana na maadui watatu waliokuwa wakitajwa sana siku zile, yaani ujinga, umaskini na maradhi, na kwa hiyo ukawa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima katika eneo moja la Tumbi. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, nao ndio tunaoujua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Viwanda vilifuata baadaye. Sasa Kibaha ni makao makuu ya mkoa. Huko Kwala imejengwa bandari kavu. Na tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, stesheni za Soga na Ruvu zimeongeza mvuto wa eneo hilo.

Kisarawe ni wilaya ya mashamba na misitu. Reli ya TAZARA inakatiza humo kupitia Mzenga, na shule ya Minaki imesomesha vijana kutoka nchi nzima, lakini maisha ya wengi yameegemea muhogo, korosho, nazi, matunda na, kwa bahati mbaya ya msitu, mkaa. Tangu zamani Mzaramo wa Kisarawe aliweza kwenda Dar es Salaam na mzigo wake alfajiri akarudi kwake usiku. Ujirani huo na jiji ulimwezesha kuonja kipato cha mjini bila ya kuliacha shamba.

Tazama sasa takwimu za sensa. Mwaka 2012 Mji wa Kibaha ulihesabiwa kuwa na watu 128,488. Mwaka 2022 watu 265,360. Idadi imezidi maradufu katika muda wa miaka kumi. Kisarawe ilikuwa na watu 101,598, ikafikia 159,226, yaani ongezeko la asilimia 57. Katika muda huohuo watu wa Tanzania nzima waliongezeka kwa asilimia 37, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, na wa Dar es Salaam kwa asilimia 23 tu. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi tarakimu hizo wazikokotoe wenyewe, kisha awaulize: jiji kubwa kuliko yote nchini limewezaje kukua polepole kuliko nchi nzima, ilhali mkoa unaolizunguka umeongezeka kwa asilimia 84? Sehemu ya jibu ni kwamba jiji limemwagika nje ya mipaka yake.

Ni vema tuonye hapa. Kisarawe haihamwi, inakua kuliko wastani wa taifa. Kwa hiyo asije mtu akafikiri kwamba tunazungumzia mahali panapokufa na mahali panapozaliwa. Tunazungumzia aina mbili za usalama.

Hesabu ya Todaro

Mwaka 1969 mtaalamu wa uchumi Michael Todaro, na mwaka uliofuata akishirikiana na John Harris, alijaribu kueleza jambo lililokuwa likiwatatiza viongozi wengi wa Afrika ya Mashariki. Kwa nini vijana waliendelea kumiminika mjini hali wanajua kwamba mjini kuna watu wengi wasio na kazi? Jibu lake lilikuwa fupi. Kijana halinganishi kipato cha shamba na mshahara wa mjini. Analinganisha kipato cha shamba na mshahara wa mjini uliozidishwa kwa uwezekano wa kuupata.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Huko Kisarawe shamba linampa kijana thamani ya shilingi 80,000 kwa mwezi katika miezi kumi ya mwaka, na shilingi 20,000 tu katika miezi miwili ya njaa kabla ya mavuno. Jumla ya mwaka ni 840,000, na wastani wa mwezi ni 70,000. Huko Kibaha kibarua cha kiwandani kinalipa 200,000 kwa mwezi, lakini kazi hupatikana katika miezi sita tu kwa kila kumi. Uwezekano ni 0.6. Zidisha: 0.6 mara 200,000 ni 120,000. Toa kodi ya chumba 30,000, ambayo mwenye nyumba huidai uwe na kazi usiwe nayo. Inabaki 90,000. Tisini ni zaidi ya sabini. Kijana na afunge mizigo.

Nadharia hiyo ilikuwa na matokeo ya kushangaza, na yafaa kuyataja kwa sababu watunga sera waliyasahau mara kwa mara. Ukiongeza kazi mjini bila kugusa hali ya shamba, uwezekano wa kupata kazi unapanda, wengine wengi wanavutwa, na wasio na kazi mjini waweza kuongezeka badala ya kupungua. Kwa upande mwingine, kuwarudisha watu shamba kwa amri hakubadilishi hesabu yao hata kidogo. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilipotumiwa kuwakusanya watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini, wengi wao walirejea mjini baada ya muda mfupi. Hesabu iliyowaleta ilikuwa bado ni ileile.

Lakini nadharia ya Todaro ina pengo, na pengo hilo ndilo lililokaliwa na mjomba.

Wastani haujazi tumbo

Rudia tarakimu zetu, na safari hii usiangalie wastani bali mwezi mmoja mmoja. Kijana wa Kibaha mwenye kazi anabaki na 170,000 baada ya kulipa chumba. Mwezi asiokuwa na kazi anabaki na deni la 30,000. Hana chakula na anadaiwa. Wastani wa 90,000 tulioutafuta kwa bidii haumo mfukoni mwake katika mwezi wowote wa mwaka.

Huko Kisarawe, katika miezi miwili mibaya, ndugu na jirani humwongezea kijana mwenye 20,000 mpaka afikie 60,000: debe la muhogo mkavu, nauli ya kwenda hospitali, mtoto kupelekwa kula kwa shangazi. Msaada huo ni wa 80,000 kwa miezi miwili. Si sadaka, ni mzunguko. Katika miezi yake kumi mizuri yeye naye hutoa 8,000 kila mwezi kwa misiba, arusi na maradhi ya wenzake, jumla 80,000. Sasa ana 72,000 katika miezi kumi na 60,000 katika miezi miwili. Kokotoa wastani: ni 70,000 ileile. Jamaa hawakumtajirisha hata shilingi moja. Walilosawazisha ni mabonde na vilima.

Huo ndio msingi wa bima yoyote duniani, iwe ya kampuni yenye ofisi ya vioo au ya wanawake wa kijiji wanaocheza upatu chini ya mwembe. Bima haiongezi wastani, hupunguza mtawanyiko. Kwa mtu aliye juu sana ya mstari wa njaa, mtawanyiko ni usumbufu. Kwa mtu aliye karibu na mstari huo, mtawanyiko ni jambo la uhai, kwa kuwa mwezi mmoja chini ya mstari waweza kumfanya auze mbegu, amtoe mtoto shule, au acheleweshe kumpeleka mgonjwa hospitali. Mwezi mzuri unaofuata hauwezi kufuta hayo.

Utafiti mkubwa uliofanywa India na wataalamu Kaivan Munshi na Mark Rosenzweig, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba nguvu ya kinga hiyo ni kubwa kiasi cha kuwazuia wanaume wengi wasihamie mjini ingawa mishahara ya mjini ilikuwa juu sana kuliko ya shamba. Aliyeondoka alihatarisha nafasi yake katika mtandao wa kusaidiana wa jamaa zake. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wanalipia bima, na bei yake ilikuwa ni mshahara walioukosa.

Hata hivyo mjomba naye asitambe mapema. Kinga ya jamaa ina udhaifu mmoja ambao hesabu ya uwezekano huufichua mara moja. Ikiwa mimi naugua mwezi huu na wewe mwezi ujao, tunaweza kusaidiana. Lakini mvua za masika zikikosekana Maneromango, zimekosekana kwa mjomba, kwa shangazi na kwa jirani. Wote wanaomba na hakuna wa kutoa. Kinga hiyo hufaa kwa balaa la mtu mmoja. Kwa balaa la wote huwa haina kitu.

Hapo ndipo mtu aliyeko Kibaha anapogeuka kuwa sehemu ya kinga. Mshahara wa kiwanda hautegemei mvua ya Maneromango. Tukichukua kwamba bahati za sehemu hizo mbili hazihusiani, uwezekano wa mwezi kuwa mbaya kote kuwili ni 0.4 mara mbili ya kumi na mbili, yaani takriban 0.07. Ni kama mwezi mmoja katika kumi na mitano. Ukoo uliogawanya watu wake umepunguza hatari kwa namna ambayo ukoo uliokaa pamoja usingeweza, hata ungependana vipi. Ni kweli kwamba katika maisha bahati hizo zinahusiana kidogo. Bei ya unga ikipanda inapanda mjini na shambani. Lakini kanuni inabaki.

Mtaalamu Oded Stark na wenzake walilieleza wazo hilo kwa kirefu katika miaka ya 1980: anayeamua kuhama mara nyingi si mtu mmoja, bali ni kaya nzima inayompeleka mmoja wao. Wazee wetu wangeshangaa kuona kwamba jambo hilo lilihitaji kugunduliwa.

Walivyofuatwa watu wa Kagera

Je, kuhama kunalipa kweli? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukimlinganisha mtu wa Kibaha na mtu wa Kisarawe na kukuta wa Kibaha ana zaidi, hujathibitisha kwamba Kibaha ndiyo iliyompa. Huenda alitoka katika nyumba yenye uwezo au alisoma zaidi.

Utafiti uliokaribia jibu zuri ulifanyika Mkoa wa Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 na kuandika habari za kila mtu aliyekuwamo. Mwaka 2004 walirudi, na badala ya kuwaandika waliowakuta nyumbani tu, waliwatafuta wote waliokuwamo katika orodha ya zamani: Mwanza, Dar es Salaam, hata ng'ambo ya mpaka. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakafanya ulinganisho wa busara: waliwalinganisha watu waliotoka katika kaya moja, mmoja akiwa amehama na mwingine akiwa amebaki. Kwa njia hiyo tofauti za nyumba na za kijiji zikaondoka katika hesabu. Walikuta kwamba katika miaka hiyo 13 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Ni tofauti kubwa. Bila shaka hata ndugu wa tumbo moja hawafanani, na huenda anayethubutu kuondoka ana jambo la ziada moyoni. Mwanafunzi mkali atakuwa ameshaliona hilo.

Mwaka 2010 watu haohao walitafutwa tena, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamehama. Safari hii De Weerdt na Kalle Hirvonen waliuliza swali la mjomba: mkono wa jamaa unafika wapi? Waligundua kwamba balaa likimpata aliyebaki nyumbani, aliyehama hulibeba pamoja naye. Matumizi yake hupungua. Lakini balaa likimpata aliyehama, matumizi ya waliobaki nyumbani hayatikisiki. Kinga imekwenda upande mmoja. Na gharama yake kwa aliyehama ilikuwa asilimia 3 hadi 5 tu ya ukuaji wa matumizi alioupata kwa kuhama.

Matokeo hayo yanastahili kufikiriwa polepole. Tunasikia kila siku malalamiko ya wafanyakazi wa mjini kwamba jamaa wa shamba wanawamaliza. Kwa kipimo hiki malalamiko hayo yametiwa chumvi. Kwa upande mwingine, mjomba alikuwa na haki: aliyehama akianguka, huanguka peke yake. Anatuma kinga asiyoipokea. Ukimwuliza kijana aliyepanga chumba kimoja Maili Moja kwa nini hakuwaambia nyumbani kwamba amesimamishwa kazi, atakujibu kwamba aliona haya. Haya hiyo ni bei mojawapo ya mji, wala haimo katika hesabu ya Todaro.

Jaribio lililofanyika Kibaha

Mpaka hapa tumesema kana kwamba Serikali haimo. Imo. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulioanza mwaka 1964 uligeuzwa mwaka 1997 kuwa NSSF, na mchango wa mwanachama humfuata popote aendapo. Ubora wa kinga ya namna hiyo ni kwamba imefungwa kwa mtu, haikufungwa kwa mahali. Ubaya wake ni kwamba watu wengi wa Kisarawe na wa Kibaha hawana mwajiri wa kuwachangia.

Kwa hao lilifanyika jaribio ambalo wasomaji wetu wa Pwani wangepaswa kulijua zaidi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulichagua vijiji 80 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kwa kura, vijiji 40 viliwekwa katika kundi la majaribio na 40 katika kundi la kulinganishia. Kura ni jambo la msingi. Kama viongozi wangechagua wenyewe, wangechagua vijiji vilivyo karibu na barabara au vyenye uhitaji zaidi, na tofauti yoyote iliyoonekana baadaye isingejulikana imetoka wapi. Mwanafunzi wa baiolojia anayepanda maharage katika vikopo viwili, kimoja chenye mbolea na kimoja bila, anafanya jambo lilelile.

Kuanzia Januari 2010 kaya maskini kabisa zilizoteuliwa na wanakijiji wenyewe zililipwa kila baada ya miezi miwili. Kiasi kililingana na dola 3 za Marekani kwa mwezi kwa kila mtoto na dola 6 kwa kila mzee wa miaka 60 au zaidi, kwa kikomo maalumu. Kulikuwa na masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wenye umri wa shule wahudhurie masomo, na wazee wapimwe afya walau mara moja kwa mwaka.

Zingatia waliolengwa. Ni watoto na wazee, yaani ndio hasa wanaobaki nyumbani kijana akiisha kwenda mjini. Katika nyumba nyingi za Pwani anayelea wajukuu ni bibi. Kinga ya jamaa tuliyoisifu hapo juu haikuning'inia hewani. Imebebwa kichwani na bibi huyo pamoja na ndoo ya maji, na hesabu za wataalamu humtaja mara chache.

Mwaka 2012, baada ya miaka karibu mitatu, matokeo yalikusanywa. Katika vijiji vilivyolipwa watoto zaidi walikuwa wamewahi kwenda shule na zaidi walimaliza darasa la saba. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya. Watoto walivaa viatu. Na fedha nyingine zilinunua kuku na mbuzi. Akiba ya fedha taslimu haikuongezeka sana, isipokuwa kwa waliokuwa maskini zaidi. Wako waliosema kabla ya jaribio kwamba maskini akipewa fedha ataila yote. Mtu anayenunua mbuzi hajala fedha yake. Ameigeuza kinga inayozaa. Baadaye mpango huo ulienezwa nchini na kuzifikia kaya zaidi ya milioni moja.

Kwa swali letu, lililo muhimu ni namna walengwa wanavyopatikana. Huteuliwa na majirani wanaowajua. Utaratibu huo una busara kijijini, ambako kila mtu anajua jikoni kwa nani hakujawaka moto. Mjini mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hajulikani na mtu. Hivyo hata kinga ya Serikali, inapotegemea ujirani, huelekea kumpendelea aliyekaa na kumpita aliyehama. Zanzibar imejaribu njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 au zaidi hulipwa Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuulizwa kama ni maskini. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imekusudiwa kuifanya kinga ya maradhi iwe haki ya mtu awe Masaki ya Kisarawe au Masaki ya Dar es Salaam. Kadiri kinga itakavyoweza kubebwa mfukoni, ndivyo swali la mjomba litakavyopungua uzito.

Shamba likiuzwa

Limebaki jambo moja, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Mkorosho huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hadi wa tano na hudumu kwa miongo kadhaa. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchelewa zaidi, lakini aweza kumzalia aliyeupanda, mwanawe na mjukuu wake. Miti hiyo, pamoja na ardhi inayoishikilia, ndiyo iliyomwezesha kijana wa Kisarawe kuthubutu kwenda mjini, kwa sababu kazi ikikatika alikuwa na pa kurudi. Mhogo una sifa ileile kwa kipimo kidogo: waweza kuachwa ardhini miezi mingi bila kuharibika, ukangoja siku ya shida.

Sasa jiji linapanda vilima vya Pugu na thamani ya ardhi inapanda pamoja nalo. Kijana anayetaka mtaji wa pikipiki au kodi ya mwaka mzima Kibaha huona shamba la ekari mbili kama fedha iliyolala. Katika hesabu ya wastani yuko sahihi: shilingi milioni kadhaa leo ni nyingi kuliko korosho za miaka kumi. Lakini ameuza kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Shamba hilo lilikuwa kinga ya dada yake akiachika na ya bibi anayelea wanawe. Na pikipiki ikipata ajali halina mahali pa kurudi kuwa shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka taratibu za uhamishaji wa ardhi ya kijiji, pamoja na nafasi ya halmashauri ya kijiji. Ni taratibu za kisheria. Haziwezi kumwonyesha muuzaji hesabu ya mtawanyiko.

Sisemi shamba lisiuzwe kamwe. Nasema kwamba anayehama huku shamba lipo na anayehama kwa kuliuza wanafanya mambo mawili tofauti, ingawa wanapanda basi moja.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu wa hisabati, jiografia au uraia aweza kuwapa wanafunzi kazi ifuatayo, bila kuandika jina la mtu yeyote. Kila mwanafunzi aulize nyumbani: katika shida kubwa ya mwisho iliyoipata familia, msaada wa kwanza ulitoka kwa nani, anaishi umbali wa kilomita ngapi, na kazi yake inategemea mvua au haitegemei? Majibu yachorwe juu ya ramani ya mkoa, shule ikiwa katikati, kwa duara za kilomita 5, 20, 50 na zaidi. Rangi moja itumike kwa wanaotegemea mvua na nyingine kwa wasioitegemea. Kisha darasa lihesabu ni msaada kiasi gani ulitoka ndani ya duara ya kwanza na kiasi gani nje ya ya tatu, na lirudie zoezi hilo kwa upande wa pili: familia ilipotoa msaada, ulikwenda wapi? Shule ya Kisarawe na shule ya Kibaha zikibadilishana ramani zao, kutakuwa na mengi ya kujadili katika vipindi viwili.